Jua na Vijidudu: Jinsi Viumbe Vidogo Vinavyotengeneza Majeraha Yao



Kila msimu wa mavuno tunaulizwa mambo mawili. La kwanza, kwa nini karafuu iliyoanikwa siku nne au tano katika jua kali, kisha ikaingiwa na unyevu ghalani, huota kuvu, hali wengi wetu twadhani jua limekwisha ua kila kitu juu ya jamvi. La pili, kama ni kweli kwamba maji ya kisima yakitiwa katika chupa na kuwekwa juani huwa salama kwa wachumaji wetu walioko makambini. Maswali haya yaonekana mbalimbali, lakini jawabu lake ni moja: jua hujeruhi vijidudu, na vijidudu hujua kujitengeneza. Mwenye kufahamu namna vinavyojitengeneza atafahamu pia ni kwa kiasi gani aweza kulitegemea jua, na ni wapi asilitegemee.

Ili jambo hili lieleweke vizuri, yafaa kwanza tuiache mikarafuu yetu kwa muda, tuvuke bahari mpaka bara, mahali penye jua na chumvi nyingi.

KAKESIO NA MAZIWA YA CHUMVI

Kakesio ni kata katika Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha, upande wa kusini magharibi wa Hifadhi ya Ngorongoro iliyoundwa mwaka 1959. Ni nchi ya Wamaasai, watu wa ng'ombe na mbuzi. Si mbali na hapo pana Laetoli, ambapo mwaka 1978 zilionekana nyayo za viumbe waliokwenda kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Mtu akiteremka kutoka miinuko hiyo kuelekea kusini hufika Ziwa Eyasi, ziwa la maji ya chumvi na kina kifupi, ambalo wakati wa kiangazi hukauka sehemu kubwa na kuacha uwanda mtupu wenye kung'aa. Kaskazini, katika wilaya hiyo hiyo, liko Ziwa Natron, nalo ni la magadi. Na ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, liko Ziwa Magadi.

Kule jua ni kali kuliko letu. Nchi iko karibu na mstari wa ikweta kama kisiwa chetu, lakini pia imeinuka, na kadiri mtu anavyopanda juu, hewa ya kuzuia mionzi hupungua. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, mionzi mikali ya jua huongezeka kiasi cha sehemu moja katika kumi. Tena ziwani hakuna kivuli, na chumvi nyeupe huirudisha nuru juu kama kioo.

Mtu angedhani hapana kiumbe kiwezacho kuishi katika maji ya namna hiyo. Kumbe wamo, tena wamejaa. Wekundu unaoonekana katika maji ya Natron na ya Magadi yanapokauka watokana na vijiumbe vipendavyo chumvi. Mwaka 1984 wataalamu walivipa majina vijiumbe viwili vilivyopatikana katika Ziwa Magadi: kimoja Natronobacterium gregoryi, na cha pili Natronobacterium magadii, ambacho siku hizi huitwa Natrialba magadii. Hata sisi wa kisiwani tunawajua jamaa zao bila ya kuwajua kwa jina. Papa wa chumvi aliyewekwa vibaya hufanya madoa mekundu. Mara nyingi wekundu huo ni wa vijiumbe viitwavyo Halobacterium, ukoo mmoja na hao wa Magadi.

Hao Halobacterium wamechunguzwa sana. Imeonekana kwamba hustahimili jua, chumvi na ukavu, wala si kwa sababu hawadhuriki. Hudhurika kama wengine, lakini wana mafundi ndani ya miili yao ambao kazi yao ni kutafuta palipoharibika na kupatengeneza. Mafundi hao ni protini.

KITU KINACHOHARIBIKA

Ndani ya kila kiumbe, kuanzia kijidudu hadi mkarafuu hadi binadamu, imo kamba ndefu na nyembamba mno iitwayo DNA. Humo ndimo yalimoandikwa maagizo yote ya kiumbe: atakuwaje, atakulaje, atazaaje. Tuifananishe na kamba ya usumba iliyosokotwa kwa nyuzi mbili. Baina ya nyuzi hizo zimepangwa herufi za namna nne, ambazo wataalamu huziandika A, T, G na C. Kila herufi katika uzi mmoja hushikana na mwenzake katika uzi wa pili: A na T, G na C. Kwa hiyo mwenye kuujua uzi mmoja amekwisha jua na wa pili. Tulikumbuke jambo hili, maana ndilo msingi wa matengenezo yote tutakayoyaeleza.

Bakteria wa matumbo aitwaye Escherichia coli, au kwa kifupi E. coli, ana kamba yenye jozi za herufi zipatazo 4,600,000. Kamba hiyo ikinyoshwa hufikia kadiri ya milimita moja na nusu, hali mwenyewe urefu wake ni sehemu mbili tu za elfu za milimita. Basi kamba imekunjwa na kusongamana ndani yake kuliko nyavu zilizojazwa kapuni.

Nuru ya jua ina mionzi tusiyoiona kwa macho, iitwayo urujuanimno. Mionzi hii ikipiga mahali ambapo T mbili zimekaa pamoja katika uzi mmoja, huzigandisha zenyewe kwa zenyewe, ubavu kwa ubavu. Hapo kamba hufanya kama kifundo: hujipinda kidogo, na zile T haziwezi tena kushikana vema na wenziwe wa uzi wa pili. Chombo cha kunakili DNA kikifika hapo husimama. Kijidudu kisichoweza kunakili kamba yake hakiwezi kuzaa, na vifundo vikizidi, hufa. Kikilazimisha kupita, huenda kikaandika herufi isiyo yake, nayo ndiyo huitwa badiliko la urithi.

Ipo na dhara ya pili. Sehemu nyingine ya mionzi hiyo, iliyo dhaifu kidogo lakini nyingi zaidi, ikishirikiana na oksijeni iliyomo majini, huzaa kemikali kali zinazounguza kila kitu karibu yake: kamba ya DNA, na hata hizo protini za kutengeneza. Tutarejea katika hili tutakapofika kwenye chupa za maji.

FUNDI WA MCHANA

Protini ya kwanza ya matengenezo iligunduliwa kwa njia ya kushangaza. Mwaka 1949, huko Cold Spring Harbor, Marekani, Albert Kelner alikuwa akiangaza mbegu za kijidudu cha udongo kiitwacho Streptomyces griseus kwa taa ya urujuanimno, akihesabu ngapi zinabaki hai. Hesabu yake haikutulia: mara nyingi hubaki, mara hufa karibu zote, ijapokuwa dawa na vipimo ni vile vile. Alidhani labda sababu ni joto. Mwisho aliona kwamba sababu ni nuru ya kawaida. Mbegu zilizoachwa penye mwanga baada ya kujeruhiwa zilifufuka kwa wingi mno, na zile zilizowekwa gizani zilikufa. Mwaka huo huo Renato Dulbecco naye aliona jambo hilo hilo katika virusi vinavyoshambulia bakteria.

Mwaka 1958 Claud Rupert na wenzake walionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na protini, ambayo leo huitwa fotoliasi. Mwanafunzi wake, Aziz Sancar, aliyezaliwa mwaka 1946 katika mji mdogo wa Savur nchini Uturuki na aliyekuwa daktari wa kijijini kabla ya kwenda Marekani, ndiye aliyeifuatia mpaka ikafahamika inavyofanya kazi. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich, kila mmoja kwa aina yake ya matengenezo ya DNA.

Fotoliasi hufanya hivi. Huigusa kamba, na ikikuta T mbili zilizogandana, huzipindua nje ya msokoto na kuzitia katika kijishimo kilichomo ubavuni mwake. Hukaa imeshika hivyo, ikingoja. Mwanga wa buluu ukiipiga, huchukua nguvu ya mwanga huo na kuzikabidhi zile T chembe moja ya umeme iitwayo elektroni. Gundi hukatika, T hurudi mahali pake, na chembe ya umeme hurejea kwa mwenyewe. Hapana kilichokatwa wala kilichotupwa. Kwa hiyo jua lile lile linalojeruhi ndilo linalompa fundi huyu nguvu ya kutengeneza.

Protini hii wanayo bakteria wengi, hata yule wa kipindupindu. Wale Halobacterium wa chumvi wanayo. Mimea inayo pia, maana mmea hauwezi kukimbilia kivulini. Binadamu hatunayo, sisi na wanyama wengi wanaonyonyesha tumebakiwa na fundi wa pili tu, ambaye hufanya kazi mchana na usiku.

FUNDI WA GIZANI

Mwaka 1964 watafiti wa Marekani waligundua kwamba E. coli aliyejeruhiwa, hata akiwekwa gizani, hukata kipande cha uzi chenye ila na kukitoa. Wanaofanya kazi hiyo ni kikundi cha protini ziitwazo UvrA, UvrB na UvrC, na kazi yao hupangwa kama ya watu wa bandarini: kila mmoja hushika pale mwenziwe alipoachia.

UvrA huenda wawili wawili, wakiichunguza kamba. UvrB huja kuhakikisha. UvrC hukata uzi wenye ila mara mbili, upande huu na upande huu wa kifundo, na kipande cha herufi 12 au 13 hulegea. Protini nyingine, UvrD, huja kukikung'uta kipande hicho kitoke. Kisha protini ya kujaza husoma ule uzi wa pili ulio mzima, na kwa kuwa A hudai T na G hudai C, huandika upya herufi zilizotolewa. Mwisho huja protini ya kufunga, nayo huunganisha ncha mbili. Kamba hurudi kama ilivyokuwa.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya vijidudu tu. Miili yetu hufanya kazi iyo hiyo kwa protini nyingine. Mwaka 1968 James Cleaver alionyesha kwamba watu wenye ugonjwa fulani wa kurithi, ambao ngozi yao hufanya saratani tangu utotoni kwa kupigwa na jua, ni watu ambao fundi huyu wa gizani ana upungufu kwao. Kwa kuchunguza vijidudu, watu walipata kufahamu ugonjwa wa wanadamu.

HUIONAJE ILA?

Sasa twafika penye swali gumu. Protini haina macho. E. coli ana herufi milioni kadhaa, na katika hizo pengine chache tu ndizo zilizogandana. Nao mafundi ni wachache. Fotoliasi katika kijidudu kimoja huhesabiwa kwa makumi tu. Wanaionaje ila moja katika kamba ndefu hivyo, tena kwa haraka, kabla ya kijidudu kuzaa?

Jawabu ni kwamba hawaioni, huigusa. Mvuvi anayevuta mshipi wake usiku hana haja ya taa. Huupitisha baina ya vidole, na palipokwaruzika au palipolegea vidole humwambia. Protini za kutengeneza nazo hupapasa hivyo. Kamba nzima ya DNA ina ugumu wake na msokoto wake. Penye kifundo msokoto umelegea na kamba hupindika kwa urahisi kuliko kwingine. UvrA huijaribu kamba kwa kuipinda. Ikiwa nzima hukataa, naye huiachia mara moja akaenda mbele.

Kuachia huko ni muhimu kama kushika. Fundi anayeganda penye kamba nzima hupoteza wakati, na atachelewa kufika penye ila. Kwa hiyo protini hizi hushika kwa wepesi, huachia, huelea kidogo ndani ya kijidudu, hugonga mahali pengine, huachia tena. Nyingine huteleza juu ya kamba mwendo mfupi kabla ya kuruka. Miaka hii ya karibuni wataalamu wameweza kuzitia protini moja moja kitu chenye kung'aa na kuzitazama zikienda: UvrA akiwa peke yake hugusa na kuruka, na akiwa pamoja na UvrB huweza kuteleza juu ya kamba.

Lakini mguso wa kwanza hautoshi. Kamba nzima nayo mara nyingine hupindika, na fundi akikata palipo pazima, amefanya jeraha mahali pasipokuwa na jeraha. Ndiyo maana kazi imegawanywa. UvrA hushuku tu. UvrB ndiye ahakikishaye, naye hutia sehemu yake mfano wa kidole baina ya nyuzi mbili na kupima kama herufi zimegandana kweli. UvrC haruhusiwi kukata mpaka UvrB ameridhika. Wanachama mnaujua utaratibu huu. Mkaguzi kituoni hamwagi gunia zima na kutazama punje moja moja. Hutia mkono, hupapasa, hunusa. Akishuku, hutoa kiasi na kukipima vizuri kabla ya kuishusha daraja karafuu ya mtu. Ukaguzi wa haraka peke yake hudhulumu, na ukaguzi wa polepole peke yake haumalizi magunia.

Iko na njia ya tatu ya kuiona ila, nayo ni kuitwa. Chombo kinachosoma DNA ili kutengeneza protini hupita juu ya kamba kila wakati. Kikikuta kifundo hukwama. Hapo huja protini iitwayo Mfd, hukisukuma kile chombo kilichokwama, na kumwita UvrA papo hapo. Kwa njia hii sehemu za kamba zinazotumika sana hutengenezwa mapema zaidi kuliko sehemu zilizolala.

KAMBA IKIKATIKA KABISA

Hayo yote ni kwa uzi mmoja ulioharibika. Lakini ukavu wa ziwa kama Eyasi wakati wa kiangazi hukata nyuzi zote mbili, na kamba huwa vipande. Hapo hakuna uzi mzima wa kusomea. Halobacterium wamejaliwa kuwa na nakala nyingi za kamba ile ile. Sehemu iliyokatika katika nakala moja huenda ikawa nzima katika nyingine. Katika E. coli protini iitwayo RecA huivaa ncha iliyokatika, huipeleka huku na huku ikiijaribu mpaka inapopata mahali penye herufi zile zile, kisha uandishi huendelea kutoka hapo. Vijiumbe vya chumvi vina protini ya namna hiyo, nayo huitwa RadA. Katika maabara, mwaka 2005, watafiti walieleza kwamba Halobacterium waliokaushwa au kupigwa mionzi mpaka kamba zao zikawa vipande vipande waliziunga tena zikawa nzima.

Hii ndiyo sababu karafuu iliyokauka si karafuu iliyosafishwa. Juu ya kiungo chochote kilichoanikwa huweza kukaa mbegu za bakteria wa jamii ya Bacillus na za kuvu. Mbegu ya Bacillus haina kazi inayofanya. Imelala, na jua huzidi kuijeruhi. Lakini ndani yake imewekwa protini maalumu ya kutengeneza. Siku inapopata maji huamka, na katika kazi zake za kwanza ni kuondoa majeraha yote iliyoyapata usingizini. Mafuta ya karafuu huzuia vijidudu vingi, lakini hayazuii vyote. Kinachovizuia ghalani ni ukavu. Unyevu ukirudi, mafundi wote huamka.

CHUPA ZA MAJI ZA KAJIADO

Twaja sasa kwenye maji. Mwaka 1980 Aftim Acra na wenzake wa Beirut, Lebanoni, walieleza kwamba maji yaliyomo katika chombo cha kupenya nuru, yakiwekwa juani, vijidudu vyake hufa. Jambo hili lilijaribiwa hapa kwetu Afrika ya Mashariki, kwa Wamaasai wa Kajiado, Kenya, ambao ni ndugu za Wamaasai wa Kakesio na maisha yao ni mamoja. Katika jaribio lililoelezwa mwaka 1996, watoto 206 wa miaka 5 hadi 16 walipewa chupa za plastiki; wengine waliambiwa waziweke juu ya paa katika jua la mchana, na wengine waziweke ndani ya nyumba. Walioweka juani walipata kuharisha kidogo kuliko wenzao.

Kisha kipindupindu kikaingia katika nchi hiyo. Habari zilizotolewa mwaka 2001 zasema kwamba katika watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya juani, waliougua kipindupindu walikuwa 3 tu. Na katika 144 ambao maji yao hayakuwekwa juani, waliougua walikuwa 20. Lakini kwa watu wazima na watoto wakubwa haikuonekana tofauti. Mtu mzima hutembea, na kila aendako hunywa maji mengine. Mtoto mdogo hunywa ya nyumbani. Tusiitaje faida bila ya kuutaja mpaka wake.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa kijidudu cha kipindupindu kina fotoliasi, na jua humpa fotoliasi nguvu, mbona kilikufa? Ni kwa sababu ya ile dhara ya pili. Katika chupa iliyokaa juani kwa saa nyingi, kemikali kali za oksijeni huunguza protini pamoja na kamba. Fundi mwenyewe hujeruhiwa, na majeraha huongezeka upesi kuliko anavyoweza kuyatengeneza. Muda ndio unaoamua. Chupa ya saa moja au mbili, au chupa ya siku ya mawingu, huacha vijidudu vilivyojeruhiwa nusu, navyo vyaweza kujitengeneza na kuzaa tena. Saa sita za jua kamili ndizo huvishinda.

Basi wenye kambi za wachumaji washike haya. Chupa iwe ya kupenya nuru, isiyo na rangi wala mikwaruzo mingi, isizidi lita 2. Maji yawe maangavu. Yakiwa na tope yachujwe kwanza, maana tope ni kivuli cha vijidudu. Chupa ilazwe, isisimamishwe, mahali pasipofikiwa na kivuli cha mti tangu asubuhi, kwa saa sita. Mbingu ikiwa na mawingu zaidi ya nusu, ikae siku mbili mfululizo. Mvua ikishika, njia hii haifai, yachemshwe. Maji yanyweke katika chupa ile ile au kikombe safi, wala yasimiminwe katika mtungi wa jana, na yasikae zaidi ya siku moja. Tena jua haliondoi chumvi, wala floridi iliyomo katika maji mengi ya upande wa Arusha, wala dawa za shambani.

VIJIDUDU NA DAWA TUZINYWAZO

Jambo la mwisho lahusu afya zetu. Baadhi ya dawa za kuua bakteria, mfano siprofloksasini, huua kwa kuikata kamba ya DNA. Kijidudu kikiona kamba zake zimekatika, RecA hupiga kelele ya hatari, na makumi ya protini za matengenezo huundwa kwa pamoja. Evelyn Witkin na Miroslav Radman ndio walioufumbua utaratibu huu, na mwaka 1975 Radman aliuita kwa jina la ishara ya meli inayozama, yaani SOS. Miongoni mwa protini zinazoitwa wakati wa hatari zimo za kunakili kwa pupa, ambazo hupita juu ya vifundo bila ya kuvitengeneza na kuandika makosa mengi. Vingi katika vijidudu hivyo hufa. Lakini kimoja chaweza kupata kosa linalomfaa, akawa hadhuriki tena na dawa ile, na wanawe wote wakawa hivyo.

Mtu anayenunua vidonge viwili vitatu dukani bila ya kuandikiwa, akavinywa mpaka tumbo likatulia kisha akaacha, huenda akavijeruhi vijidudu bila ya kuvimaliza. Ni sawa na chupa ya saa moja juani. Dawa hizi zinywewe kwa agizo la daktari, kwa kiasi alichosema na kwa siku alizosema. Na wa kifua kikuu asikatize hata akijiona ana nguvu.

Kwa msimu unaokuja, twawaomba wanachama wayafuate haya: karafuu ikaushwe kwa ukamilifu kabla ya kutiwa gunia, mvua ikitishia ikusanywe mapema na kufunikwa, iliyopata maji isichanganywe na kavu, bali ianikwe peke yake upya, gunia lisilazwe juu ya sakafu yenye ubaridi, na kila kambi iwe na chupa za kutosha kwa wachumaji wote, pamoja na watoto wanaofuatana na mama zao. Mwenye swali juu ya haya na alilete katika mkutano wa tawi lake, nasi tutalijibu katika kurasa hizi.